Damu ya Mama Dobi

Gari la dobi halikimbii vile.

Hapo ndipo Shubiri alipojua kwamba amelipata. HiAce nyeupe, ubavuni limechorwa shati jeupe pe linalotoa mapovu, lilikata kona ya soko la mitumba likaegemea upande mmoja, likapangua meza nzima ya viatu, likaendelea zake. Mwenye viatu alibaki ameshika kiuno, anatukana hewa. Jamani, nani ana haraka kiasi hicho ya kupeleka mashuka?

Shubiri aliinama juu ya usukani wa Yamaha yake, akazungusha mkono wa mafuta.

Pikipiki ikanguruma.

"Kituo, hapa Shubiri. Gari naliona."

"Umbali?" Ilikuwa sauti ya Mkuu, bosi wake, ikikwaruza ndani ya kofia ya pikipiki.

"Nasoma namba zake."

"Usipige risasi. Narudia, usipige risasi. Mama yumo ndani."

"Najua yumo ndani, Mkuu. Ndiyo maana magurudumu yale bado yana upepo."

Jina la Shubiri alipewa kazini, na mtu akikaa naye kidogo tu huelewa mwenyewe kwa nini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mkavu, asiyeomba samahani hovyo. Kwapani bastola ya Glock, mkononi saa ya Casio ya plastiki, na kichwani jambo moja tu tangu alfajiri: mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wiki iliyopita alimbeba msafiri mmoja kutoka uwanja wa ndege, mtu anayetetemeka, kucha nyeusi tii. Msafiri alikata roho kabla ya kufika mapokezi. Sasa dereva mwenyewe alikuwa wodi ya kutengwa, na nesi aliyempokea yuko kitanda cha pili, wote wawili kucha zimeanza kugeuka rangi ya makaa.

Homa ya kucha.

Mwaka jana iliingia chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo kupitia mashuka machafu, ikaondoka na wafanyakazi wote isipokuwa mmoja. Aliyebaki alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono ya kukamulia mablanketi. Watu walimwita Mama Dobi. Aliugua, akapigana nayo kufa na kupona, akainuka, akarudi kufua. Kwa jinsi madaktari walivyojua, hakuna mtu mwingine aliye hai ambaye damu yake ilikuwa na jibu la ugonjwa ule.

Na asubuhi hiyo walikuwa wamemwiba.

Mbele kulikuwa na reli. Kengele inalia, kizuizi kinashuka. HiAce likapenya chini yake likaacha kioo cha pembeni. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja, inapiga honi ya mtu asiye na mpango wa kusimama.

Shubiri alichomoa kwenye koti kitu kinachofanana na chupa ya manukato. Fundi wa idara ndiye aliyekitengeneza. "Kinatema bigijii," alikuwa amemwambia, "ila usije ukaitafuna, ina redio ndani."

Akalenga. Akabonyeza.

Kibonge cha kijivu kikaruka reli, kikanata kwenye mlango wa nyuma wa HiAce. Kisha treni ikapita katikati yao, behewa baada ya behewa, na Shubiri akakaa juu ya pikipiki akitamani kuikata treni ile kwa meno.

Simu ikalia. Alikuwa Daktari wa wodi ya kutengwa.

"Dada, umempata?"

"Nimelinasa gari. Mdogo wangu je?"

"Anaongea. Anasema chakula chetu kibaya. Lakini sitakudanganya. Homa imepanda. Yule mama namhitaji leo. Kesho sijui."

"Ni kijana yule, ana nguvu. Kwa nini mwili wake haupigani?"

"Unapigana, dada! Unadhani homa ni nini? Ni mwili wenyewe umewasha moto nyumba nzima ili mwizi akose pa kukaa." Ilibidi apaze sauti kushinda treni. "Sikiliza. Ngozi ni ukuta. Adui akiruka ukuta anakutana na walinzi, zile chembe nyeupe za damu. Hao wanakamata kila wasichokijua, hawaulizi jina. Wengine wanabeba kipande cha adui mpaka kwenye tezi, wanakionyesha: sura yake ndiyo hii, mtafuteni. Hapo ndipo wanapofundishwa askari wa kazi maalumu. Wanatengeneza kingamwili, silaha ya kumshika adui huyo tu, si mwingine."

"Hiyo ni idara yetu kabisa."

"Ni idara yenu, ila ile haiendi likizo. Shida ni muda. Kumfundisha askari ni wiki na zaidi, na homa hii haimpi mtu wiki. Mama Dobi kingamwili zake ziko tayari, na askari wake wa zamani bado wanaikumbuka sura. Nikitenga maji ya damu yake, yale ya manjano, nikamtilia mdogo wako, nimemwazima silaha mpaka za kwake ziive. Sina dawa nyingine."

"Na hawa waliomchukua wanalijua hilo?"

"Wanalijua kuliko mimi. Ila wao wanafikiria bei."

Behewa la mwisho likapita.

Njiani Mkuu alimweleza yaliyobaki, kwa kifupi, kama kawaida yake ya kuongea utadhani kila neno analikatiwa mshahara. Kiongozi wa wezi wale aliitwa Meneja. Kila siku yuko ndani ya tai, hata jua likiwaka vipi. Alikuwa anawafanyia kazi wanunuzi wa nje. Mpango wao ulikuwa rahisi na wa kishetani: waueneze ugonjwa, waishike dawa, halafu wapange bei.

"Yule msafiri mgonjwa," Mkuu alisema, "hakuja kwa bahati mbaya. Walimpandisha ndege wakijua."

Shubiri alihisi hasira ikimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, hasira halisi, ya kutaka kuvunja kitu. Walimpandisha ndege wakijua, na mdogo wake akambeba mtu yule mikononi akimwambia pole ndugu yangu, tunafika sasa hivi.

"Shubiri? Unanisikia?"

"Nakusikia. Kata."

Bigijii ya Fundi ilimpeleka hadi kwenye ghala la zamani la nyama, kando ya kiwanja kidogo cha ndege. Ndege ndogo, Cessna, ilikuwa inapashwa moto mwisho wa njia. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na shule, wanafunzi wako mapumziko, kelele mpaka mbinguni.

Shubiri alivaa barakoa, glovu na aproni ya plastiki ambavyo Daktari alimlazimisha avichukue asubuhi ile. Akabeba mgongoni bomba la kupulizia dawa, nalo la Daktari. Akaingia kwa mlango wa mbele kama mtu aliyeitwa.

Walinzi wawili, mmoja jitu la miraba minne na mwingine mwembamba, walikuwa wamekaa chini ya ngazi ya chuma, mbali kabisa na chumba cha juu, kila mmoja amejifunga shati puani. Bunduki zao walikuwa wameziegemeza ukutani ili mikono ibaki huru kushikilia mashati.

"Simama hapo! Nani wewe?"

"Wa kupuliza dawa," Shubiri alisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kazi. "Nani kati yenu alimshika yule mama?"

Wakatazamana.

"Huyu," alisema mwembamba.

"Mimi? Mimi nilimshika miguu tu! Wewe ndiye uliyemshika mikono!"

"Na njia nzima alikuwa anatukoholea," mwembamba aliongeza. "Makusudi kabisa. Kila tukipita tuta, anakohoa."

Shubiri alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Mama Dobi alikuwa amepona mwaka mzima uliopita. Katika jengo lile hakuwepo mtu salama kuliko yeye, na hawa mabwana walikuwa wanamkimbia yeye huku wakimfuata bosi wao kama vifaranga.

"Haya, nionyesheni kucha. Leteni mikono. Yote. Karibu zaidi, sioni vizuri."

Wakaleta mikono.

Pingu zikalia kacha! Mkono wa mmoja, nguzo ya ngazi, mkono wa mwenzake.

"Kucha zenu nzima," Shubiri aliwaambia. "Kaeni kimya, na mtaishi mpaka mfikishwe mahakamani."

Akapanda ngazi, Glock mkononi. Juu kulikuwa na ukumbi mfupi, na mwisho wake chumba cha kioo chenye milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na kidirisha cha vifuniko viwili cha kupitishia vitu. Ndani, taa nyeupe, mashine inayozunguka taratibu, na kwenye kiti cha kulalia, Mama Dobi. Mrija mwekundu ulitoka mkononi mwake kwenda kwenye mashine na kurudi. Pembeni, kwenye kijidebe cha barafu, mifuko mitatu ya maji ya manjano.

Maisha ya mdogo wake. Yalikuwa yamelala pale, yanaonekana, umbali wa hatua chache na vioo viwili.

Na ndani humo, kati yake na mifuko, alisimama Meneja. Tai ya buluu, viatu vinavyong'aa. Mkono wa kulia ameinua kichupa kidogo cha kioo.

"Weka bastola chini, Shubiri," alisema kupitia kipaza sauti cha ukutani. "Ndiyo, nakufahamu. Unajua humu mna nini?"

"Naweza kukisia."

"Homa ya kucha, hai, inatosha mtaa mzima. Unaisikia feni hiyo juu? Inavuta hewa ya humu inaitoa nje, upande wa shule. Ukifyatua, naivunja. Ukikaribia, naivunja. Nataka njia mpaka kwenye ndege, mimi, mifuko yangu, na mama yangu huyu."

"Mama yako nani?" Mama Dobi aliuliza kutoka kwenye kiti.

Kupitia ukuta zilisikika kelele za watoto, mmoja anadai ametolewa mchezoni kwa uonevu. Shubiri akatazama kichupa. Akatazama sanduku la umeme la feni, lililokuwa ukumbini, juu ya bega lake. Kuligeukia kungechukua muda mrefu kuliko kidole cha Meneja kufunguka.

Akainama. Akaanza kuiteremsha Glock sakafuni, polepole, moyo unamuuma.

"Vunja," alisema Mama Dobi.

Meneja aligeuka.

Mama alikuwa ameketi. Akaichomoa sindano mwenyewe, akabana pamba kwenye kiwiko, akasimama. Aliyumba kidogo, akajishika kitini, akasimama tena sawasawa.

"Mama, kaa chini."

"Nimesema vunja. Unamtishia nani na hicho kichupa? Mimi? Hiyo homa nimelala nayo kitanda kimoja! Nimezika wenzangu wanne kwa ajili yake. Ilinijia na yote iliyokuwa nayo, ikaniacha hapahapa nilipo. Wewe umeniiba, umenitoa damu kwa sababu hainiwezi. Umesahau mara hii?"

Alikuwa amesahau, kweli. Miezi mingi alikuwa ameuhesabu mwili ule kama shehena, unazalisha mifuko mingapi, utauzwa wapi. Haikumjia hata mara moja kwamba shehena inaweza kusimama ikamfuata.

"Ni… nitaivunja!"

"Si ndiyo nakwambia?"

Akapiga hatua. Meneja akarudi nyuma, macho yote kwa mama.

Muda ule ulimtosha Shubiri. Aliinuka na Glock yake, akageuka, akafyatua mara moja. Ilikuwa risasi pekee siku ile nzima, na kilichopigwa ni sanduku la umeme. Cheche ziliruka, feni ikakoroma, ikakaa kimya. Meneja akashtuka, akageuka tena kumtazama. Hapo Mama Dobi akamkamata tai kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine, akavipinda vyote viwili kama anavyokamua blanketi la watu wawili.

Meneja alipiga kelele.

Kichupa kikaanguka kwenye vigae, kikapasuka kati ya viatu vyake vinavyong'aa.

Shubiri aliruka, akasukuma komeo la mlango wa nje mpaka mwisho.

Mama Dobi alitazama maji yale sakafuni, akamwachia Meneja, akaguna. "Haya, umeridhika? Dekio liko wapi humu?"

Meneja alijirusha mlangoni, akaanza kupiga kioo kwa viganja. Hakuwa na barakoa. Hakuwa hata na glovu. "Fungua! Fungua, tafadhali, bado naweza kuwahi, fungua!"

"Hapana," alisema Shubiri.

Alimpigia Daktari simu, akaiweka sauti ya juu. Daktari hakupoteza maneno. Kabla ya yote mama aivute mirija ya mashine, aifunge. Mifuko ilishazibwa na mashine, kwa hiyo ni salama. Mifuko ilowekwe kwenye maji ya klorini, ifutwe, ipitishwe kwenye kile kidirisha cha vifuniko viwili. Timu ya kusafisha iko njiani. Walio ndani wabaki ndani.

"Mama, umenielewa namna ya kuloweka?"

"Mwambie huyo binti," Mama Dobi alijibu huku anapima dawa kwenye beseni kwa jicho, "kuloweka nimeanza kabla yeye hajaota meno."

Mifuko ilipokuwa majini, Meneja aliacha kupiga kioo. Alikuja akapiga magoti kando ya beseni, tai imemkaa begani.

"Mama. Mmoja. Niachie mmoja tu. Taja bei, bei yoyote, nalipa leo."

"Toka hapo, unanikanyagia nilipodeki."

Shubiri aliondoka na kijidebe amekifunga nyuma ya Yamaha kwa mipira miwili. Huku nyuma polisi walikuwa wanamteremsha rubani wa Cessna. Barabara nzima aliendesha kama mtu aliyebeba mayai na kukimbizwa na nyuki.

Mfuko wa kwanza ulimwingia mdogo wake mchana uleule. Wa pili, nesi.

Kesho yake homa ikaanza kushuka. Keshokutwa dereva akakaa kitandani, akagonga kioo cha wodi, akamnyooshea Shubiri kidole.

"Dada! Umekuja mikono mitupu? Mgonjwa huangaliwa hivyo?"

Shubiri aliweka kiganja chake kwenye kioo. Aliulizwa kama analia, akasema ni dawa za wodi zinamwasha macho. Ulikuwa uongo mtupu. Alikuwa analia, na alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Chumba cha tatu alikuwemo Mama Dobi, anaangaliwa tu, mzima kama kigingi. Virusi vilivyomrukia kule ghalani askari wake walikuwa wamevimaliza bila hata kumpandisha joto. Malalamiko yake yalikuwa kuhusu shuka. "Hili nani kafua? Nitolewe nikamwonyeshe!"

Chumba cha nne, Meneja. Amefungwa pingu kitandani, anatetemeka. Vijidudu vya kichupa vilikuwa vingi mno; kucha zake zilikuwa tayari zimeanza kuingia weusi pembeni.

Mfuko wa tatu ulikuwa kwenye friji ya Daktari.

"Umechukuliwa kwa nguvu," Daktari alisema, amesimama ukumbini na kipaza sauti cha wodi mkononi. "Siwezi kumpa mtu bila mwenyewe kusema. Mama, ile miwili uliiruhusu; na huu mwenye damu ni wewe."

Shubiri alisogea kwenye kioo cha Mama Dobi. "Mimi ningekuwa wewe ningeumwaga," alisema, na alimaanisha. "Mtu huyu alimpandisha ndege maiti inayotembea. Alitaka kumuua mdogo wangu ili apate soko. Muache."

"Na mimi juzi nilitaka hivyohivyo, mwanangu. Usiku kucha nimekaa nataka hivyo." Mama Dobi alikunja shuka baya lile mara mbili, akalilaza miguuni. "Lakini akifa amekwenda na deni lake kichwani, anajiona tajiri. Hapana. Nataka aishi. Nataka kila akiamka ajue anatembea na kitu cha dobi ndani yake, na dobi hakumtoza hata senti."

Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, ili Meneja asikie vizuri chumba cha nne.

"Mtilieni. Bure."

Meneja alifunga macho. Daktari akaenda kwenye friji.

"Na kinachobaki mwilini mwangu," Mama Dobi aliendelea, "nikipata nguvu njoo uchukue, daktari. Chunguza, wafundishe wenzako wa kila hospitali. Bure vilevile."

Juu ya meza ya ukumbini, ndani ya mfuko wa plastiki, simu ya Meneja iliyokwisha kufutwa dawa ilianza kutetemeka. Namba ya nje, ndefu. Shubiri akaibonyeza kupitia plastiki.

"Meneja?" Sauti ya mwanamume, Kiswahili cha kufundishwa darasani. "Wanunuzi wako hapa mezani. Mzigo uko wapi?"

Shubiri alitazama kupitia kioo. Mrija ulikuwa umeshaunganishwa, na maji ya manjano yalikuwa yanateremka.

"Unamwingia Meneja wako mkononi, tone kwa tone," alisema. "Amepewa bure. Wanunuzi waambie waende nyumbani."

Akakata. Akaurudisha mfuko wa plastiki mezani, akachukua kofia yake ya pikipiki, akateremka ngazi kwenda kununua chakula ambacho mdogo wake hatakilalamikia.